Nilimchezea Baikoko Mzee wa Watu

Bao langu la kwanza kwenye frisbi, mchezo wa kurushiana kisahani cha plastiki, nililishangilia kwa baikoko. Anayeijua Tanga keshanielewa. Asiyeijua nimwambie tu kwamba ni ngoma ya viuno, na haichezwi mbele ya wakwe. Mimi niliicheza mbele ya mzee aliyepita miaka 60, goti kalifunga bendeji, anahema juu juu kwa kunikimbiza. Nilimzunguka mara mbili. Nilipotosheka nikakibamiza kisahani chini, kikagonga nyasi, kikaruka na kwenda kutua karibu na viatu vyake.

Hapo ni Madison, Wisconsin, Juni 2018, saa kumi na mbili jioni na jua bado liko juu kana kwamba alasiri haijaanza kuisha. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili pale, na ili nipate ada na posho nilikuwa nawafundisha Wamarekani Kiswahili. Msichana mmoja wa darasa langu ndiye aliyenitia kwenye timu. Aliniona siku moja nikilikimbilia basi, akaniambia, "Mwalimu, unakimbia sana, njoo ucheze na sisi." Nikadhani naitwa kwenye michezo ya ufukweni, ya kurushiana sahani huku mbwa wanadandia. Nilikwenda na ndala.

Mchezo wenyewe unaitwa altimeti. Ulizaliwa mwaka 1968 kwa wanafunzi wa sekondari ya Columbia, mjini Maplewood, New Jersey. Ni timu mbili za watu saba saba, kisahani cha plastiki cha gramu 175, na uwanja ambao kwa kipimo cha kimataifa una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37. Mita 18 za kila mwisho ni eneo la kufungia: ukidaka humo pasi ya mwenzako, umefunga. Mwenye kisahani hakimbii nacho, ana sekunde kumi za kukiachia, na kikianguka kinakuwa mali ya wapinzani. Hayo niliyashika kwa dakika tano. Lililonikaa kooni ni kwamba hakuna refa.

Sisemi refa mbovu, au refa aliyechelewa. Hayupo kabisa. Faulo anaiita mwenyewe aliyechezewa. Aliyecheza akiona kaonewa anabisha, wanazungumza pale pale, na wasipoafikiana kisahani kinarudi kwa aliyekirusha. Kama kimetoka nje au hakikutoka, anasema aliyeona vizuri, hata kama anaiponza timu yake. Na si ligi za mitaani tu, hata mashindano ya dunia huchezwa hivyo.

Nilimpigia simu mjomba wangu, Tanga, kumhadithia maajabu hayo. Baada ya shikamoo na marahaba akanisikiliza, kisha akauliza, "Hakuna refa?"

"Hakuna, mjomba."

"Basi mwanangu hapo mtauana."

Mjomba ni mtu wa Coastal Union, timu ya mpira ya Tanga. Mwaka 1988, Coastal ilipochukua ubingwa wa Tanzania Bara, alikuwa kijana, na kwa hesabu zake hakuna jambo kubwa lililotokea duniani tangu hapo. Ndiye aliyenipeleka uwanja wa Mkwakwani mara ya kwanza, nikiwa juu ya mabega yake, kuwatazama Coastal na African Sports. Kwa hiyo kushangilia nilikojifunza mimi ni kule kwa watani wa jadi: bao halijakamilika mpaka aliyefungwa apelekewe taarifa. Unamkimbilia, unamwekea mkono sikioni, unamuuliza kulikoni mbona kimya. Na ukitoka uwanjani unaingia kwenye taarabu, ambako mtu huinuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji huku macho kayaelekeza kwa hasimu aliyekaa safu ya tatu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine ya kufurahi.

Turudi kwenye lile bao. Pasi ilitoka mbali, ikaning'inia hewani kama kwamba inanisubiri. Nikaruka, nikakibana kisahani kwa viganja viwili, kimoja juu kimoja chini, nikatua. Nyuma yangu mzee, mbele yangu wenzangu wanapiga yowe. Viuno vikaanza vyenyewe.

Mzee alisubiri nimalize. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nilikuwa ndani nilipotua.

Hapa lazima niueleze mstari, maana ndio ulioniumbua. Kwenye altimeti mstari wa kufungia hauhesabiwi kuwa sehemu ya eneo la kufungia. Ni sehemu ya uwanja wa kati. Mguu wako wa kwanza kugusa ardhi baada ya kudaka ukiukanyaga mstari huo, japo kwa kisigino, hujafunga. Unarudi mstarini, unaweka mguu pale, na mchezo unaendelea. Na kwa kuwa hakuna mwenye filimbi, mtu wa kwanza kuulizwa ni wewe mwenye miguu.

Jibu langu la kweli lilikuwa "sijui". Sikuwa nimetazama chini. Lakini mtu aliyekwisha kata mauno mizunguko miwili na kubamiza kisahani, anasemaje "sijui"? Ngoma yangu ilikuwa imeshatoa ushahidi kabla ya mimi kufungua mdomo. Nikasema, "Nilikuwa ndani." Mzee akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaanza kutembea.

Hilo la kutembea nalo linahitaji kusemwa. Kwenye mchezo huu timu iliyofunga inabaki pale pale ilipofungia, na iliyofungwa ndiyo inayoukata uwanja mzima kwenda upande wa pili kupokea kisahani kitakachorushwa kuanzisha pointi inayofuata. Yaani kila bao lina msafara wa waliofungwa, wamekupa mgongo, na wewe umebaki unawaangalia. Nikawasindikiza kwa mluzi.

Tulishinda 15 kwa 14.

Baada ya mechi wanasimama duara, timu mbili zimechanganyika, huyu wa kwetu yule wa kwao, mikono mabegani. Wanasemeshana kilichokwenda vizuri na kilichokwenda vibaya. Mzee alikuja kusimama kuliani kwangu, akavua kofia yake ya pama ili ajifute jasho, na nywele zikatokea nyeupe pe, kama za babu yangu. Mkono wake ukatua begani kwangu. Jioni nzima nilikuwa namwita kwa jina lake, kama rika langu, kwa sababu kule kila mtu anaitwa kwa jina lake na umri unauona tu ukiutafuta. Nilitamani nyasi zifunuke niingie. Mtu ambaye kwetu ningemwamkia kwa kuinama, nimemkatikia kiuno, na katikati ya hadhara.

Hakusema neno juu yangu. Aliisifu timu yetu kwa pasi ndefu.

Maksi ndizo zilizosema. Kila mechi ikiisha, timu moja huipa nyingine alama za moyo wa mchezo. Kuna vipengele vitano: kuzijua na kuzitumia kanuni, faulo na kugusana miili, kuwa na haki, mwenendo na kujizuia, na mawasiliano. Kila kipengele kinaanzia 0 mpaka 4, na 2 ni mchezo mzuri wa kawaida, kwa hiyo timu isiyo na tatizo hupata 10 hivi. Sisi tulipata 7. Kwenye mwenendo na kujizuia tulipata sifuri safi, ya mviringo. Nahodha wetu, mwanamke mpole anayefanya kazi ya uuguzi, alinionyesha simu yake bila kunilaumu, akanielekeza kwenye kanuni ya kwanza kabisa ya shirikisho la dunia la michezo ya visahani. Humo wameorodhesha mambo yanayouvunja moyo wa mchezo waziwazi: mchezo wa hatari, faulo za kukusudia, kumkejeli au kumtisha mpinzani, kulipiza kisasi kwa kuita faulo. Na katikati ya makosa hayo mazito, limekaa moja lililonihusu mimi: kushangilia bao kwa kukosa heshima.

Nikaona wamezidisha. Ngoma na mchezo wa hatari vinakaaje chungu kimoja?

Kwenye gari tukirudi, mwanafunzi wangu ndiye aliyekuwa usukani. Nyuma wamekaa wenzetu wawili. Akaniuliza kwa Kiswahili, ili wale wasielewe, "Mwalimu, ule mstari?"

Nikamwambia, "Sijui. Sikuangalia."

Akanyamaza mpaka taa nyekundu. Kisha akasema, "Ungesema."

Wiki chache kabla ya muhula kuisha nilikuwa nimewafundisha -nge-. Aliitumia sawasawa kabisa.

Usiku ule nilikumbuka chandimu. Ajabu yake ni kwamba nilikuwa nimeshangaa kuona mchezo usio na refa, na kumbe utoto wangu wote nimeucheza. Mpira wa matambara, goli la ndala mbili, mwamba wa juu haupo, na kila bao ni mjadala: limepita juu, halikupita juu, ndala imesogezwa. Na tulikuwa tunamaliza. Tulikuwa na mtoto mmoja pale mtaani, mwenye mpira kuliko sisi sote, lakini akifunga anamvulia shati kipa na kumzunguka akiimba. Sasa bao lake linalofuata likiwa na utata kidogo, hata kama kila mmoja kaliona limeingia, nani atamkubalia? Watu wote walikuwa wanasema halijaingia. Mpira unabebwa, tunakwenda nyumbani, jua halijazama. Tulikuwa tunasema yule mtoto ana gundu. Hakuwa na gundu lolote. Alikuwa anawatukana mahakimu wake.

Basi hapo ndipo kanuni yao ikaniingia. Ukiwa na refa, mpinzani wako unaweza kumfanyia kejeli upendavyo. Atanuna, lakini filimbi haiko kinywani mwake. Altimeti filimbi iko vinywani vya watu kumi na wanne. Yule uliyembamizia kisahani miguuni ndiye utakayemuomba, dakika tano baadaye, akiri kwamba kweli alikugonga mkono. Na ubaya wa pili, ambao kwangu ndio mkubwa na sijasikia mtu akiusema, ni ule unaokupata wewe mwenyewe. Ukishangilia kwa makelele kabla ya kujua, umejifungia mlango. Si rahisi kutoka kwenye baikoko ukaingia kwenye "samahani, nadhani nilikanyaga".

Julai hiyo nilikwenda uwanja wa Breese Stevens kuwatazama Madison Radicals, timu ya ligi ya kulipwa ya altimeti. Ligi ile ina marefa, wamevaa mistari, wana filimbi. Na nikaona kule vijana wakifunga wanavibamiza visahani kwa nguvu zote, ule mtindo waliourithi kwa mpira wa Kimarekani, ambako Homer Jones wa New York Giants anatajwa kuwa wa kwanza kuubamiza mpira chini, mwaka 1965. Uwanja mzima unapiga kelele, na hakuna anayeona vibaya. Ila hata wao wameacha kidirisha: mchezaji anaweza kuukana uamuzi wa refa uliompendelea, akasema hapana, niligusa mimi, na uamuzi unabadilishwa. Nilifurahi mno siku ile. Mwezi uliofuata Radicals walichukua ubingwa wa ligi hapo hapo nyumbani kwao, na mimi nilikuwa nimeshanunua jezi.

Kwa hiyo si kwamba kushangilia ni haramu. Niliogopa hivyo kwa wiki mbili, nikawa nafunga na kusimama kama mlingoti, mpaka nahodha akaniuliza kama naumwa. Wale watu wanashangilia sana. Wanarukiana vifua, wanavamia uwanja benchi zima, wanabebana. Tofauti yake niliiona kwenye uelekeo wa nyuso. Wanakimbilia kwao. Aliyefunga anamtafuta aliyempa pasi, wanakumbatiana wamewapa wapinzani mgongo, na wale wapinzani wanaondoka zao bila kuitwa kwenye sherehe isiyowahusu. Kisahani kikibamizwa, kinabamizwa mahali pasipo na mtu.

Mengine niliyaokota kwa kuchelewa. Mpinzani akidondosha kisahani mwenyewe, bila wewe kufanya lolote, hupigi kelele. Unakiokota tu na kuendelea. Hili lilinitesa, maana Mkwakwani golikipa akiteleza ndio kwanza uwanja unaamka. Kumpokonya mtu kwa kuruka mzimamzima hewani kunaruhusiwa kushangiliwa, lakini hapo uangalifu ni zaidi ya kwenye bao, kwa sababu bao linafungwa timu, na kupokonywa anapokonywa mtu mmoja, tena bado amelala pale chini pembeni yako. Mpe mkono kwanza. Mkiwa mnaongoza 13 kwa 3, shangwe ipungue sauti; hata mimi nilihisi hivyo bila kuambiwa. Isipokuwa mgeni akifunga bao lake la kwanza maishani. Hapo hata wapinzani hupiga makofi, na niliwahi kuona nahodha wa upande wa pili akivuka uwanja kwenda kumpongeza binti aliyekuwa analia kwa furaha. Na mimi nilipofunga la kwanza? Nadhani wangenipigia makofi pia. Sikuwapa nafasi.

Kuna desturi moja niliipenda kupita zote. Timu nyingi za pale, mechi ikiisha, huwatungia wapinzani wimbo wa papo kwa papo, wa kuwasifu na kuwachokoza kidogo. Waliposikia natoka mji wa taarabu nikakabidhiwa kazi hiyo moja kwa moja. Nikawa natunga beti mbili za mipasho iliyogeuzwa, badala ya kumsimanga mtu namsifia kwa mafumbo, mwanafunzi wangu anatafsiri mstari kwa mstari, na vina vyote vinapotea njiani. Walicheka hata hivyo.

Agosti tukakutana tena na timu ya mzee. Safari hii mimi ndiye niliyepangwa kumkaba. Nilijua hana mbio, lakini sikujua kwamba ana hila za miaka arobaini: anakuangalia hivi, bega linakwenda kule, na wewe unabaki na kivuli chake. Akaniacha, pasi ikaja, akaidaka pale pale mpakani, akasimama. Wenzake wakaanza kupiga yowe. Yeye akainua kiganja kuwanyamazisha. Akatazama chini. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mguu kwenye mstari, akasema, "Bado."

Mimi niliyekuwa karibu naye kuliko mtu yeyote sikuwa nimeona kitu.

Akarusha pasi fupi, binti wa timu yao akaidaka ndani kabisa, akatazama miguu yake, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikageuka nianze safari ya kutembea. Nikasikia vicheko. Mzee alikuwa amenielekea, mikono juu, anajaribu baikoko. Kiuno kilikwenda kushoto, goti la bendeji likakataa kufuata, akayumba, akajishika kwa mwenzake. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Je, alinikejeli? Kwa maandishi ya kanuni, huenda mtu angebisha. Mimi nilijiona nimepewa heshima. Nyumbani tunajua kwamba utani una wenyewe: Mzigua akimchokoza Msambaa watu hucheka, mgeni akisema maneno yale yale inaitishwa baraza. Mwezi Juni mimi nilikuwa mgeni. Ule mkono wake begani, na mechi ile yote ya Agosti aliyonikimbiza huku akinisifia nikikaba vizuri, ndivyo vilivyonifanya mtani wake. Kiuno kile kile, na mwezi huu hakikuwa tusi.

Baada ya duara nikamfuata kwenye gari lake, alikuwa anafungua bendeji. Nikamwambia lile bao la Juni sina hakika nalo, na kwamba kwetu mtu wa umri wake huwa namwamkia kwa neno maalumu. Akataka kulijua neno. Nikamfundisha shikamoo, na jibu lake, tukarudia mara tatu mpaka marahaba yake ikakaa. Kuhusu bao akasema, "Kisigino. Nusu yake ilikuwa juu ya mstari. Nilikiona."

"Sasa mbona hukubisha?"

Akawa anakunja bendeji taratibu, anaizungusha kwenye vidole. "Nilikuuliza," akasema.

Usiku nikampigia mjomba, Tanga kumeshakucha. Nikamweleza yote, mstari, kisigino, mzee na kiuno chake, na jinsi alivyoniona akanyamaza. Mjomba alikuwa kimya muda mrefu, nikadhani salio limekwisha.

"Sasa lile bao," akauliza, "liliandikwa?"

"Liliandikwa, mjomba."

"Na mechi mlishinda?"

"Tulishinda kwa moja."

"Sasa mwanangu," akasema, "unalia nini?"